Kiti na Hadubini

Mwaka 1962 ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, wapo waliodhani kwamba kazi yake ilikuwa ni ngoma, nyimbo na mavazi, na wapo wanaodhani hivyo hata leo. Ngoma ni utamaduni, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini utamaduni wa taifa haukomei uwanjani penye ngoma. Ndani yake yamo pia yale ambayo watu huyaheshimu na yale ambayo huyadharau. Imo namna wanavyomtaja mtu akiwa hayupo, na namna wanavyompisha akiingia barazani. Kwa sababu hiyo twataka kusema katika kurasa hizi juu ya jambo ambalo haliimbwi wala halichezwi, nalo ni utamaduni mtupu: mtaalamu wa sayansi aliyedumu katika kazi yake miaka mingi, kisha akaiacha ili apate kupanda cheo mahali pengine.

Jambo hili limezoeleka hata halitushangazi. Mtafiti wa mimea huwa mkuu wa utumishi. Mpimaji wa hali ya hewa huwa mratibu wa semina. Mwalimu wa fizikia, aliyewafundisha watoto wa watu kwa miaka ishirini, huonekana siku moja amekaa katika ofisi ya ugavi, akitia sahihi hati za mafuta ya magari. Wengine huvuka mpaka wakaenda ng'ambo. Nasi aghalabu huwahukumu watu hawa kwa njia mbili. Wapo wasemao: huyu ni msaliti, amesomeshwa kwa kodi ya mkulima naye amemtupa mkulima. Na wapo wasemao: huyu ameukata, ametoka matopeni, Mungu amjalie. Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea, tena yamekosea kosa moja. Yote yanamtazama mtu anayeondoka, wala hayautazami utamaduni uliomwondoa.

Mwenye kulaumu hana budi kuanza na nafsi yake. Basi natutoe ushuhuda wetu wenyewe. Mwaka 1990, tulipokwisha kumaliza masomo ya sekondari, tulipata kazi ya ukarani wa masijala katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo. Jina la kituo halina haja. Tulimkuta pale mtafiti mmoja wa mhogo, aliyefika mwaka 1987. Alfajiri, umande haujakauka, alikuwa tayari yumo mashambani akihesabu majani yenye batobato. Wakati wa kuchimbua ulipofika, alikata mizizi vipande vipande, mmoja baada ya mwingine, akitafuta michirizi ya kahawia ndani ya nyama yake. Kila alichokiona alikiandika katika daftari lenye jalada gumu, na kila mmea ulikuwa na kibati chake chenye namba. Watu wa kituo wakamwita Bwana Mhogo. Jina lile lilikuwa la utani, lakini twakiri leo kwamba ndani ya utani ule mlikuwa na dharau. Mhasibu hatukumpa jina la utani. Gari la kituo lilipokuwa moja, lilimchukua mhasibu kwanza, na Bwana Mhogo akaenda shamba la mbali kwa baiskeli.

Mwaka 2009 barua ilifika kutoka makao makuu. Bwana Mhogo amepata nafasi ya uratibu: ofisi yenye zulia, gari na dereva, na mshahara uliozidi ule wa zamani kwa kiasi cha kumwezesha kusomesha watoto wote bila kukopa. Alikuwa amedumu kituoni miaka 22. Tukamfanyia karamu. Mbuzi wawili walichinjwa, pilau ikapikwa, akapewa saa ya ukutani, na mkewe akavikwa kanga. Na kwa kuwa tulijulikana kuwa ni watunzi, sisi ndio tulioombwa shairi la kumuaga. Tulitunga beti kumi na mbili. Tulimfananisha na tai apaaye juu ya vilele. Tulimsifu kwa kupanda ngazi, tukaisifu ngazi yenyewe, tukamsifu na aliyeiegemeza. Watu walipiga makofi. Siku nyingi baadaye, tulipoyasoma tena maneno yale, ndipo tulipogundua kwamba katika beti zote kumi na mbili mhogo haukutajwa hata mara moja. Isitoshe, katika miaka 19 tuliyofanya kazi pamoja naye, hatukuwa tumemtungia hata ubeti mmoja. Tulimsubiri aiache kazi yake ndipo tumsifu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Sisi ndio tuliopiga chapa hati yake ya makabidhiano. Twaikumbuka vema: meza moja, viti viwili, kabati la chuma moja, mzani mmoja, hadubini moja yenye lenzi iliyopasuka, baiskeli moja, funguo nne. Sahihi zikatiwa katika nakala tatu. Madaftari yake, yaliyokuwa 31, hayakuingizwa katika hati ile kwa sababu hayakuwa na namba ya mali ya serikali. Yalipelekwa stoo. Paa la stoo lilikuwa na tundu, na mchwa, kama ajulikanavyo, hasubiri kibali.

Mwaka 2014 akaja kituoni binti mmoja mtafiti, kijana mwenye bidii, akaomba kuona kumbukumbu za majaribio ya mhogo ya miaka iliyopita. Tukamfungulia stoo. Yaliyosomeka yalikuwa madaftari tisa. Binti yule hakulalamika; alianza upya. Alitumia miaka minne juu ya aina moja aliyoitumainia sana, ambayo majani yake yalikuwa safi kabisa. Siku moja Bwana Mhogo, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, alipita kutusalimu, akatembezwa mashambani. Alipoiona aina ile alisimama, akaangalia kikonyo cha jani, akamwambia binti yule kwa upole kwamba yeye aliitupa aina hiyo mwaka 1998, kwa kuwa majani yake hudanganya: juu ni nzima, chini mizizi imeoza. Binti akachimbua shina moja pale pale. Ilikuwa kama alivyosema.

Tukitaja hasara, watu hukimbilia kuhesabu fedha. Miaka minne ya ujana wa mtaalamu tutaihesabu kwa sarafu gani? Na mkulima aliyekuwa akingoja mbegu, ambaye mhogo ndio akiba yake wakati mahindi yakikauka, tutamfidia vipi? Hapa hapana aliyeiba wala aliyesaliti. Kila mtu alifuata utaratibu. Ndiyo maana twasema kosa ni la utamaduni: utaratibu wetu unajua thamani ya kiti, kwa hiyo unakihesabu; thamani ya elimu iliyo kichwani na daftarini haujaijua, kwa hiyo hauna mstari wa kuiandika.

Huenda msomaji akadhani kwamba sayansi ni kazi ya ghafla, mtu hukaa chini ya mti tunda likamwangukia akagundua. Basi natumsimulie habari ya mhogo wenyewe. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, nacho kikaendelea chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliushughulikia mhogo pale. Storey ndiye aliyeieleza michirizi ya kahawia mwaka 1936. Ili kuushinda ugonjwa wa batobato, mhogo ulipandishwa na mti wa mpira wa Ceará, ambao ni jamaa yake wa porini wenye nguvu lakini usio na mizizi ya kuliwa. Mtoto aliyezaliwa alipandishwa tena na mhogo, na mjukuu tena, na kitukuu tena, mpaka nguvu za porini zikabaki na mizizi ikawa chakula. D. L. Jennings aliiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950, nayo ikasimamishwa mwaka 1957.

Je, ilikufa? Haikufa. Mbegu zake zilipelekwa Nigeria, na huko ukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, iliyoko Ibadan, waliutumia mmea huo kuzalisha aina nyingi zilizoenea barani Afrika. Na katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda na kuteremka hadi kandokando ya Ziwa Viktoria, baadhi ya aina zilizoletwa kuwaokoa wakulima zilikuwa za ukoo huo huo. Mbegu iliyoanza Usambara ilizunguka Afrika Magharibi ikarudi jirani na kwao baada ya miaka sitini hivi. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Nasi twaongeza kwamba aliyeunda ubao wa kwanza yumkini hakuiona bahari.

Hatusimulii haya ili kuwasifu wakoloni. Walifanya kazi kwa faida ya dola yao, na majina ya mafundi na vibarua Waafrika walioshika jembe na kuhesabu majani aghalabu hayakuandikwa popote. Twasimulia kwa sababu ya funzo lililomo. Katika mnyororo huo watu waliondoka, tena zaidi ya mara moja. Kituo kilibadilishwa kazi. Nchi zilipata uhuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyorithi taasisi nyingi za utafiti ikavunjika mwaka 1977. Hata hivyo kazi ya Amani haikupotea, kwa kuwa mbegu na maandishi vilimfikia mtu mwingine mwenye kujua kuvitumia. Kwa hiyo swali letu kwa mtaalamu anayeondoka lisiwe: kwa nini unaondoka? Liwe: umemwachia nani?

Na hapa hatuna budi kuwajibu wapinzani wetu, maana wapo, na baadhi yao ni rafiki zetu.

Wapo watakaosema kwamba twawafunga watu minyororo. Watatuuliza: Mwalimu Nyerere mwenyewe hakuacha kufundisha kule Pugu mwaka 1955? Profesa Wangari Maathai wa Kenya hakuiacha kazi yake ya anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982? Twajibu: waliacha, na mifano hiyo ni mashahidi wetu. Mwalimu aliacha mshahara wa uhakika akafuata jambo lisilo na uhakika wowote, hakukimbilia zulia. Na alipokuwa mkuu wa nchi, taifa zima liliendelea kumwita kwa jina la kazi ile aliyoiacha, naye akaliona kuwa ni heshima tosha. Bibi Maathai alijiuzulu ili agombee ubunge. Akaenguliwa, na alipotaka kurudi chuoni akakuta mlango umefungwa. Hakuwa na cheo wala mshahara. Alichokuwa nacho ni elimu ya viumbe hai na kazi ya kupanda miti aliyoianzisha na akina mama mwaka 1977, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Watu hao waliacha viti, hawakuacha walichokijua. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipigania.

Wengine watatuambia kwamba mkono mtupu haulambwi. Mtaalamu naye ana watoto, ana wazazi, ana nyumba isiyoisha kujengwa. Hili ni kweli tupu, na asiyelikubali hajawahi kuishi kwa mshahara. Hatumtaki mtu awe maskini ili sayansi istawi. Lakini mbona hoja hii inatolewa kama kwamba ni sheria ya maumbile? Nani aliyeamua kwamba mwenye kuitisha mikutano alipwe na kuheshimiwa kuliko mwenye jambo la kuzungumzwa katika mikutano hiyo? Ngazi za vyeo vya utafiti zimeandikwa katika nyaraka, hatukatai. Lakini nenda kijijini kwa mtaalamu ukamwambie mama yake kwamba mwanawe amekuwa mtafiti mwandamizi, kisha umwambie kwamba amekuwa mkurugenzi, utazame ni lini atapiga vigelegele. Mama huyo hana kosa. Amefundishwa na sisi tuliosoma. Ameona siku za sherehe ni nani huketishwa mbele, na ni nani husimama nyuma ya maturubai akitafuta kivuli.

Kasumba hii ina asili yake. Mkoloni alipotawala, Mwafrika aliyeonekana kuwa mkubwa alikuwa karani, kwa sababu karani alikaa karibu na bwana, chini ya paa, na nguo zake hazikushika udongo. Mwenye kushika udongo alikuwa kibarua. Tulipojitawala tuliwaondoa mabwana, lakini kipimo chao tulibaki nacho: ukubwa ni umbali wa mtu kutoka kwenye udongo. Kwa kipimo hicho, hata mwenye shahada tatu akiinama kutazama mzizi wa mhogo, anaonekana bado hajafika. Akiondoka na kwenda kutia sahihi barua za wengine wanaoinama, ndipo tunaposema amefika. Nasi makarani tuliosalia ni mashahidi kwamba huko alikofika hakuna mzizi wowote.

Basi tufanye nini? Kwanza, cheo cha juu kabisa cha mtaalamu kipatikane pale pale penye hadubini, na heshima yake ionekane kwa macho: gari la kumpeleka shambani, nyumba ya kukaa, kiti cha mbele siku ya sherehe. Mtu achague kuondoka kwa kuwa moyo umempeleka, si kwa kuwa hana njia nyingine ya kuheshimika. Pili, hati ya makabidhiano iwe na mstari wa elimu. Anayeondoka akabidhi madaftari yake, akae na mrithi wake msimu mzima wa kupanda na kuvuna, na asipewe ruhusa mpaka mrithi atie sahihi kwamba ameelewa. Twaona ajabu kwamba mtumishi hawezi kuondoka na kijiko cha serikali, lakini aweza kuondoka na miaka 22.

Tatu, madaftari hayo yaandikwe katika lugha ambayo kituo kizima kinaisoma. Bwana Mhogo alikuwa na fundi sanifu aliyemsaidia miaka yote, mtu mwenye macho makali kuliko ya wengi wetu. Alijua kila kibati kilipo, lakini madaftari yalikuwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na fundi yule hakuweza kuyatetea kwa sababu hakuweza kuyasoma. Kiswahili hakina upungufu wa kuizuia kazi hii. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa Dar es Salaam mwaka 1990. Maneno tunayo, tulichokosa ni nia ya kuyatia shambani.

Ndugu walimu, kazi iliyobaki ni yenu. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba wa Magamba aliona kwamba maziwa ya moto aliyoyatia katika jokofu yaliganda kabla ya yale yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza darasani alichekwa. Alidumu na swali lake mpaka akapata wa kulisikiliza, Dakta Denis Osborne, na mwaka 1969 maelezo yao yakachapishwa. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina lake ulimwenguni, na wanasayansi wangali wakilibishania. Kicheko kile cha darasani ndicho kinachokua na kuwa utani wa Bwana Mhogo. Mtoto anayechekwa kwa kuuliza atajifunza kwamba usalama uko katika kukaa kimya na kungoja cheo. Nanyi ndugu wanafunzi, mkiulizwa mnataka kuwa nani, msikimbilie kutaja kiti. Tajeni kazi. Kiti kitakuja au hakitakuja, lakini mwenye kazi hakosi pa kusimama.

Na sisi watunzi? Wazee walituachia methali isemayo usiache mbachao kwa msala upitao, nasi tukaisahau siku tuliyoshika kalamu kumsifu rafiki yetu kwa msala. Deni lile twalilipa sasa kwa ubeti huu mmoja, ambao ulipasa kuimbwa miaka mingi kabla ya karamu:

Mwenye kiti twamwimbia, mwenye kazi hatumwoni,
Miaka akitumia, kwa subira mashambani,
Siku anayohamia, ndipo zetu shukurani,
Ilimu ikififia, tutaidai kwa nani?

Bwana Mhogo yu hai. Kandokando ya ua wa nyumba yake amepanda safu moja ya mihogo, na kila shina lina kibati chenye namba. Tulipomtembelea tulimkuta ameinama, akiandika. Safari hii tulimwomba atuonyeshe daftari, na fundi sanifu tuliyekwenda naye akakaa chini kando yake, akaanza kunakili kwa Kiswahili.